Je, mazoezi huotesha neva za uti wa mgongo?

Swali: Daktari, shikamoo. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 27. Alianguka kutoka kwenye mnazi huku kwetu Pangani, akavunjika mgongo, akafanyiwa upasuaji na kuwekewa vyuma. Kwenye karatasi wameandika T10. Sasa ni mwezi wa sita tangu aumie. Miguu haimtii, ila siku hizi usiku inarukaruka yenyewe. Kuna bwana ana kituo cha mazoezi mjini, anasema kuruka huko ni neva zinaota, na kwamba akifanyishwa mazoezi kwenye mashine zake kila siku kwa miezi mitatu neva za uti wa mgongo zitaungana. Bei yake ni kubwa, nyumbani wanafikiria kuuza kiwanja. Je, ni kweli mazoezi yanaotesha neva?

Jibu: Marahaba, dada, na poleni sana nyumbani. Minazi na miembe inatuumizia vijana wengi. Kwenye wodi za mgongo za kaskazini mwa Tanzania, kuanguka kunashindana na ajali za barabarani kwa kuleta wagonjwa. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu kuna kiwanja kinasubiri jibu hili.

Huyo bwana ana nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli kwenye biashara ni kitu cha kuogopa. Mazoezi yanaotesha matawi mafupi ya neva ndani ya ugwe mgongo, yaani ile tishu laini ya neva inayopita katikati ya pingili. Matawi hayo yameonekana kwa darubini, kwenye wanyama waliofanyishwa mazoezi na kulinganishwa na wenzao ambao hawakufanyishwa. Lakini mazoezi peke yake hayajawahi kuunganisha ugwe uliokatika kabisa, wala kwa panya wala kwa mtu. Kati ya mambo hayo mawili ndipo lilipo jibu la mdogo wako.

Tuanze na miguu inayorukaruka, maana ndiyo iliyowatia matumaini. Ugwe ukiumia vibaya, sehemu yake iliyo chini ya jeraha hunyamaza kwa siku au wiki kadhaa. Miguu huwa imelegea, na daktari akigonga goti kwa nyundo, goti halijibu. Baadaye sehemu hiyo huamka. Seli za neva zinazoendesha misuli ya miguu ziko chini zaidi ya jeraha lake la T10, yaani pingili ya kumi ya kifuani; ziko kwenye sehemu ya kiuno ya ugwe, na hazikufa. Zimekosa amri kutoka kwa ubongo, na zimekosa pia breki. Shuka ikigusa unyayo au kibofu kikijaa, zinapokea taarifa hiyo, na kwa kuwa hakuna wa kuzituliza, mguu unaruka.

Kwa hiyo kuruka kunathibitisha kwamba ugwe wa chini uko hai. Hakuthibitishi kwamba umeanza kuongea na wa juu. Wengi wa waliokatika ugwe kabisa, ambao wataendelea kutumia kiti mwendo maisha yao yote, miguu yao huruka vilevile.

Hata hapo, mazoezi yana kazi. Mwaka 2010 watafiti wa Ufaransa walionyesha sababu mojawapo ya kuruka huko. Seli ya neva ya msuli ina pampu ndogo kwenye utando wake, iitwayo KCC2, inayotoa kloridi nje ya seli. Baada ya jeraha pampu hizo hupungua, na ujumbe uliokusudiwa kuituliza seli hushindwa kuituliza, wakati mwingine huichochea. Mwaka 2014 kundi la Philadelphia lilichukua panya waliokatwa ugwe kabisa na kuwafanyisha mazoezi: wengine miguu yao ikizungushwa kwenye baiskeli ndogo, wengine wakitembezwa kwenye tredimili, ile mashine ya mkanda unaozunguka. Pampu zikaongezeka tena na refleksi, yaani kule kuruka kwa misuli bila amri ya ubongo, zikatulia. Angalia vizuri hapo: panya hao hawakupata uzi wa neva hata mmoja kutoka kwenye ubongo, na bado mazoezi yalibadilisha kemia ya ugwe wao. Ndiyo maana nitakwambia mdogo wako anyooshwe na azungushwe miguu kila siku, hata kama hatatembea kamwe.

Kuna jambo kubwa zaidi kutoka miaka ya 1980. Watafiti wa Los Angeles na wa Montreal, kila kundi kwa njia yake, walikata kabisa ugwe wa paka katikati ya mgongo, kisha wakawa wanawashikilia kwenye tredimili siku baada ya siku. Baada ya wiki kadhaa miguu ya nyuma ikawa inapiga hatua, unyayo ukikanyaga mkanda, uzito ukibebwa, mwendo ukiongezeka mkanda ukiongezwa kasi. Ugwe wenyewe una mitandao ya seli inayojua kupanga hatua, kulia na kushoto kwa zamu, bila kuuliza ubongo. Na mitandao hiyo hujifunza. Baadaye paka wengine walifundishwa kusimama tu: wakawa hodari wa kusimama, lakini hatua zao zilikuwa mbovu. Ugwe ulijifunza kile ulichofanyishwa, basi.

Usisahau kwamba paka wale waliposhushwa kwenye mashine hawakuweza kuamua kwenda jikoni. Ubongo haukuwa na habari na miguu ile. Na kwa binadamu mitandao hiyo inategemea ubongo kuliko kwa paka, ndiyo maana kumtembeza mtu mwenye jeraha kamili, lisilopitisha ujumbe wowote, kwenye tredimili peke yake hakujawahi kumpa hatua za kujitegemea.

Sasa tuje kwenye kuota kwenyewe.

Neva iliyokatika mkononi au mguuni huota tena, kwa kasi ya karibu milimita 1 kwa siku. Ukikatwa na panga kwenye kifundo cha mkono na neva ikashonwa vizuri, hisia zinaweza kurudi hadi vidoleni baada ya miezi. Ndani ya ugwe mgongo jambo hilo halitokei. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba nyuzi za ugwe hazina uwezo wa kuota. Mwaka 1981 watafiti David na Aguayo, huko Montreal, waliweka kipande cha neva ya mguu kama daraja kwenye ugwe wa panya, na nyuzi zikaota sentimita kadhaa kupitia kipande hicho, kisha zikasimama zilipotaka kuingia tena kwenye ugwe. Tatizo kubwa basi liko kwenye mazingira. Ala ya mafuta inayofunika nyuzi za ugwe ina protini zinazozuia kuota. Moja, Nogo-A, iligunduliwa na Martin Schwab na wenzake huko Zurich. Juu ya hapo, mahali palipoumia hujengeka kovu lenye kemikali nyingine za kuzuia. Dawa ya kuzima Nogo-A imeshajaribiwa kwa watu waliotoka kuumia shingo, na kwa kundi zima haikuonyesha tofauti iliyo wazi na dawa bandia, ile isiyo na kitu ndani inayotumika kulinganisha.

Mazoezi yanaingiaje hapo? Msuli unapofanya kazi, vihisio vyake hutuma taarifa nyingi kwenye ugwe, na seli zilizochangamshwa hutengeneza zaidi protini iitwayo BDNF, inayozisaidia kubaki hai, kutoa matawi na kuimarisha viungio vyake, yaani pale seli moja inapogusana na nyingine. Kundi la Gómez-Pinilla huko Los Angeles lilionyesha mwaka 2002 kwamba panya waliokimbia kwa hiari kwenye gurudumu kwa siku 3 au 7 walikuwa na BDNF nyingi zaidi kwenye ugwe wa kiuno. Msuli mmoja wa mguu ulipopoozwa kwa sumu ya botulinamu, maagizo ya kutengeneza protini hiyo yalipungua kwenye sehemu ya ugwe inayoulisha msuli huo. Mwaka 2004 kundi hilohilo lilitoa seli za neva za hisia kutoka kwa panya waliokimbia, likazikuza kwenye sahani ya maabara. Zilitoa nyuzi ndefu kuliko za panya waliokaa tu, na urefu uliendana na umbali ambao kila panya alikimbia.

Hiyo ndiyo kazi ambayo wauzaji wa mazoezi hupenda kuitaja. Soma kwa makini ilipima nini. Zilikuwa seli za hisia ambazo uzi wake mmoja unapita kwenye neva ya mguu, nje ya ugwe, kule ambako kuota kunawezekana tangu mwanzo. Na panya hao walikimbia kabla ya kuumia. Kutoka hapo hadi kuunganisha ugwe wa kijana aliyeanguka mnazini ni safari ambayo hakuna aliyeimaliza.

Kinachotokea ndani ya ugwe uliojeruhiwa ni kuchipua. Fikiria daraja la barabara kuu limezolewa na mafuriko. Hakuna anayelijenga upya, lakini watu wanaanza kupita njia za panya: kupitia shamba la fulani, kuvuka kijito kwa miguu, kutokea upande wa pili. Mwaka 2004 Bareyre, Schwab na wenzao walilionyesha hilo kwenye panya waliokatwa sehemu tu ya ugwe wa kifuani. Nyuzi za ubongo zilizokuwa zikienda miguu ya nyuma zilitoa matawi mapya shingoni, juu ya jeraha, zikagusa seli za kati za ugwe. Baadhi ya seli hizo zina nyuzi fupi zisizofika popote. Nyingine zina nyuzi ndefu zinazopita pembeni ya jeraha hadi kiunoni. Baada ya wiki 12, viungio na zile ndefu vilibaki, na vya zile fupi vingi vilikuwa vimeondolewa. Njia iliyofika ikatunzwa, isiyofika ikaachwa.

Mazoezi yana sauti kwenye uteuzi huo. Kundi la Edmonton, Kanada, mwaka 2007 lilifundisha panya wenye jeraha la shingo kunyoosha mkono na kuchukua punje ya chakula. Waliofundishwa walichipua matawi mengi zaidi kwenye njia inayotoka kwenye ubongo, na wakawa bora kwa kazi hiyo. Halafu waliwekwa kutembea juu ya ngazi iliyolazwa, kazi ambayo hawakuifanyia mazoezi: wakafanya vibaya kuliko wenzao ambao hawakufundishwa chochote. Nafasi iliyobaki ni ndogo, na kazi moja inaweza kuichukua ya nyingine. Kuota pia si heri wakati wote. Nyuzi za maumivu nazo huchipua baada ya jeraha, zikajiunga mahali pasipostahili, na hapo ndipo yanapotoka baadhi ya yale maumivu ya moto ambayo wagonjwa wetu hulalamikia kwenye miguu wasiyoihisi.

Na nia ina uzito. Mwaka 2012, huko Uswisi, kundi la Courtine lilikata ugwe wa panya nusu kulia na nusu kushoto kwa kimo tofauti, ili njia zote za moja kwa moja zikatike lakini tishu ibaki katikati. Panya wakapooza. Waliwapa umeme kwenye ugwe na dawa za kuuchangamsha. Kundi moja likatembezwa kwenye tredimili. Kundi jingine lilifungwa mkanda kwenye roboti inayombeba panya asianguke, bila kumsukuma mbele, na upande wa pili pakawekwa chokoleti. Hao wa chokoleti, ambao ilibidi watake kwenda, walipata tena kutembea kwa hiari yao na hata kupanda ngazi, umeme na dawa zikiwa zimewashwa, na nyuzi za ubongo zilikutwa zimechipua hadi kwenye tishu iliyobaki. Wale wa tredimili walipiga hatua nzuri juu ya mkanda, lakini hawakupata mwendo wa hiari. Mashine inayomsogeza mgonjwa huku yeye anaangalia simu inanitia shaka kwa sababu ya kazi hii.

Kwa binadamu jaribio kubwa lilitolewa mwaka 2006, kwa wagonjwa 146 wa Marekani na Kanada walioumia ndani ya wiki 8. Nusu walitembezwa kwenye tredimili wakiwa wamening'inizwa kwa mikanda kupunguza uzito, nusu wakapewa mazoezi ya kawaida ya kusimama na kutembea sakafuni kwa muda uleule, wiki 12. Matokeo ya kutembea hayakutofautiana. Kilichotofautisha watu kilikuwa ukubwa wa jeraha walilokuja nalo: wenye jeraha lisilo kamili, ambao tayari walikuwa na msuli uliocheza kidogo, wengi walitembea, bila kujali mashine.

Utasikia pia habari za mtu wa Louisville aliyesimama mwaka 2011. Ni kweli. Alifanya vipindi 170 vya mazoezi ya kutembezwa kwa miezi 26, na hakupata mwendo wowote wa hiari. Baada ya hapo akapandikizwa elektrodi, yaani vipande vya kupitishia umeme, juu ya ugwe, na umeme ukiwashwa akaweza kusimama na, miezi kadhaa baadaye, kusogeza miguu kwa kutaka. Yeye naye alikuwa na hisia kidogo chini ya jeraha tangu mwanzo, maana yake kuna nyuzi zilizosalimika. Umeme uliziamsha, mazoezi yakazifundisha.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa mdogo wako linahusu kilichobaki. Mashine baadaye. Kuna kipimo cha kitanda kinachojibu, hakihitaji picha ya MRI. Daktari au mtaalamu wa fiziotherapia anagusa ngozi kwa pamba na kwa pini, sehemu kwa sehemu, anapima nguvu ya misuli, halafu anafanya jambo ambalo wengi wanaliruka kwa aibu: anapima hisia kuzunguka tundu la haja kubwa, anaingiza kidole chenye glovu na kumwambia mgonjwa abane. Sehemu hiyo inalishwa na ncha ya mwisho kabisa ya ugwe. Kama anahisi au anabana, basi kuna ujumbe unaopita jeraha. Matokeo huandikwa kwa herufi. A ni jeraha kamili: hakuna hisia wala kubana pale chini. B ana hisia bila nguvu. C ana misuli inayocheza kwa udhaifu, D yenye nguvu zaidi, E ni kawaida. Mwambie mdogo wako asione haya. Kidole hicho kina thamani kuliko picha nyingi mtakazoambiwa mlipie.

Akiwa A katika mwezi wa sita, na jeraha la kifuani, uwezekano wa kutembea tena bila vyuma vya kushikilia miguu ni mdogo sana, na hakuna mazoezi yatakayoubadilisha kwa miezi mitatu. Akiwa B, kuna mlango. Akiwa C, kila saa ya mazoezi ya kujitahidi mwenyewe ina maana, na iende kwenye kazi anayoitaka: anayetaka kutembea asimame na apige hatua, hata kwa kushikiliwa na watu wawili na mlingoti wa mianzi uani. Sehemu kubwa ya kurudi kwa nguvu hutokea katika miezi 6 hadi 9 ya mwanzo, kisha hupungua polepole, ila haisimami ghafla siku fulani.

Yoyote itakayokuwa herufi yake, mazoezi yanabaki dawa. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2018 kwa watu wazima wenye jeraha la ugwe unasema angalau dakika 20 za mazoezi ya kuhema, mara 2 kwa wiki, pamoja na seti 3 za nguvu kwa kila kundi la misuli inayofanya kazi, mara 2 kwa wiki. Kwa ajili ya moyo na sukari, dakika 30 mara 3. Mikono yake ni mizima. Kusukuma kiti barabarani, kujiinua kwa mikono kitandani, kuvuta mpira wa baiskeli uliofungwa kwenye nguzo, vyote vinatosha.

Mambo ya kuangalia ni haya. Mifupa ya miguu isiyobeba uzito hupungua haraka. Asisimamishwe kwa pupa wala asikunjwe goti kwa nguvu, anaweza kuvunjika na asihisi. Akisimamishwa mara ya kwanza shinikizo la damu linaweza kushuka, hivyo ainuliwe taratibu. Jua la saa sita aliepuke, maana chini ya jeraha hatoi jasho vizuri. Kila dakika 15 hadi 30 akiwa kwenye kiti ajiinue au aegemee upande ili kupunguza mgandamizo, na jioni mtu amkague makalio na visigino kwa kioo. Kidonda kimoja cha makalio humlaza kitandani miezi, na mazoezi yote yanaishia hapo. Na miguu ikianza kuruka ghafla kuliko kawaida, angalieni kwanza mpira wa mkojo kama umejikunja, choo kama kimefunga, kucha kama imeingia nyamani.

Kuhusu kiwanja: msiuze. Mwulize huyo bwana mambo mawili, mdogo wako ana herufi gani, na nani alimpima. Kama hajui, anauza mashine. Fedha kidogo mliyonayo ianzie kwenye mto mzuri wa kukalia, kiti kilichopimwa kwa mwili wake, na nauli ya kumfikisha kwenye fiziotherapia ya hospitali ya mkoa au hospitali ya KCMC ya Moshi, mkafundishwe mazoezi ya kufanya nyumbani. Mkishapata herufi, niandikie pamoja na misuli gani inacheza anapojaribu mwenyewe, mchana, akiwa ametulia, na nitakupangia cha kufanya wiki kwa wiki.